Shule ya Kidbrooke, London: ya kwanza ya aina yake, leo ina jina la tatu. Kwanini?

#1 Dereva wa Vifurushi (mleta uzi)

Wakuu habari za jioni. Mimi napeleka vifurushi huku London kusini mashariki, SE3 mpaka kule Woolwich. Kuna mtaa unaitwa Corelli Road pale Kidbrooke, kuna shule ya sekondari ina kuba kubwa, siku ya kwanza nilidhani ni msikiti nikaanza kutafuta pa kupaki van ili niwahi Alasiri 😂 kumbe ni ukumbi wa shule. Bango la nje linasema Halley Academy, ramani ya simu yangu ya zamani inasema Corelli College, na mzee mmoja niliyempelekea mzigo nyumba ya jirani yeye anasema "pale Kidbrooke School". Nikaona hapa kuna jambo, usiku nikaanza kuchimba.

Kumbe ilifunguliwa 1954 na ndo sekondari ya kwanza London kujengwa kuanzia msingi kwa ajili ya kuchukua watoto wa aina zote pamoja, bila kuwachuja kwa mtihani, wao wanaita komprihensivu. Ilikuwa ya wasichana tu, ilikusudiwa wasichana kama 2,000. Elfu mbili wakuu! Sasa swali langu dogo tu, shule yenye historia ya namna hii inakuwaje unaibadilisha jina mara 3? Huku kwetu Tabora Boys au Minaki ukigusa jina watu wanaandamana.

#2 Nyani Mzee

Naweka kambi hapa. Mleta uzi tiririka.

#3 mama_wawili_SE9

Mkuu #1 majina ni matatu lakini mabadiliko ni mawili, usituchanganye. Kidbrooke, Corelli, Halley. Naishi Eltham mwaka wa 14 huu.

#4 Dereva wa Vifurushi

Sawa dada, mabadiliko mawili. Hesabu nilipata D.

#5 Kichwa Ngumu

Hii mbona rahisi, ni hela. Mwaka 2010 serikali ya Cameron ilipitisha sheria ya akademi, shule inatoka mikononi mwa halmashauri inapokea pesa moja kwa moja kutoka serikali kuu. Kidbrooke ikawa akademi 2011, ndo ikaitwa Corelli. 2018 ikaingia kwenye kundi la Leigh, hao wanaendesha shule nyingi, ikawa Halley. Kila bosi mpya anakuja na rangi yake na sweta lake. Ni kama baa, mmiliki akibadilika na bango linabadilika, bia ni ileile. Uzi ufungwe.

#6 Mwl. Mstaafu Tanga

Usifunge uzi kijana, bado hatujaanza hata kumenya.

Nilisoma mambo ya historia ya elimu ya Uingereza nilipokuwa chuo miaka hiyo, ngoja nimwage kidogo kwa wasiojua maana bila hiki utaona ni ugomvi wa mabango tu. Sheria ya elimu ya 1944, ya waziri Butler, ndiyo iliyofanya sekondari za serikali Uingereza ziwe bure. Lakini halmashauri nyingi zikatekeleza kwa kugawa watoto. Mtoto akifika miaka 11 anafanya mtihani, Eleven Plus. Anayefaulu anaenda shule ya grama, Kilatini, sayansi, njia ya chuo kikuu. Anayefeli anaenda shule ya modani, anatoka na miaka 15 anaingia kiwandani au dukani. Zilitakiwa ziwepo na za ufundi katikati ila zilijengwa chache sana. Kwa hiyo kama robo ya watoto wanapita, robo tatu wanaambiwa wakiwa na miaka 11 kwamba wewe basi. Halmashauri ya London, LCC, ilikuwa ya chama cha Labour, wao wakasema hapana, kwenye mpango wao wa 1947 wakataka shule kubwa zinazochukua wote. Kidbrooke ndiyo tunda la kwanza la huo mpango lililojengwa jipya. Sasa hapo utaelewa kwanini watu walikuwa wakiiangalia kama mwezi umeandama.

#7 Nyani Mzee

Mwalimu shikamoo. Hizi ndo nondo sasa.

#8 Mwl. Mstaafu Tanga

Marahaba.

#9 Otis wa Kayole

Enyewe hii Eleven Plus ni KCPE tu, ile mtihani yetu ya mwisho wa primary, na jina ya kizungu. Sisi hapa Kenya tumeizika juzi 2023 ndio ilikuwa ya mwisho. Nilipata marks za kuenda shule ya kijiji na cousin akaitwa national, mpaka leo kwa matanga yeye huketi mbele.

#10 Kichwa Ngumu

@Otis tofauti ni kwamba wewe ukifeli unalaumu jirani amekuloga, wao wanaunda kamati.

#11 Binti Kilindini

Jamani samahani nakatiza, mwalimu #6 umesema "la kwanza lililojengwa jipya", na mleta mada kaandika "ya kwanza London kujengwa kuanzia msingi". Haya maneno yana maana kubwa, wengi huyaruka. Si shule ya kwanza ya aina hiyo. LCC yenyewe ilianza na za majaribio 1946, Walworth ilikuwa mojawapo, ila zile ziliwekwa kwenye majengo ya zamani. Halafu Wales kule kisiwa cha Anglesey, Holyhead walifanya 1949, hao ni vijijini, walikuwa na watoto wachache, wakaona upuuzi kuwa na shule mbili zinatazamana. Coventry nao walifungua zao mbili 1954 hiyohiyo. Kwa hiyo kila mtu ana "ya kwanza" yake kulingana na anavyoiwekea masharti. Sisi Mombasa tuna misikiti mitatu inayosema ni ya kwanza pwani nzima, na yote ina ushahidi 😅

#12 Dereva wa Vifurushi

Nimekuelewa dada. Nimeandika kichwa cha uzi kwa pupa, mods kama mnaweza ongezeni "London" na "kujengwa mpya" pale mbele.

#13 Mod Kasuku

Kichwa kikizidi hapo hakionekani kwenye simu. Kitabaki hivyohivyo.

#14 Mzaramo Asiye na Haraka

Mi nna swali la kijinga. Kwanini 2,000? Yaani nani alikaa akasema tuweke wasichana elfu mbili sehemu moja? Sisi tulikuwa 800 na foleni ya uji ilikuwa inaanzia bwenini.

#15 Mwl. Mstaafu Tanga

Siyo la kijinga hata kidogo, ndilo swali lenyewe. Hesabu yao ilikuwa ya kidato cha juu. Chukua watoto wote wa eneo, wengi wakati ule wanaondoka na miaka 15, wanaobaki mpaka 18 ni wachache mno. Sasa ili hao wachache watoshe kujaza darasa la fizikia, darasa la Kifaransa, darasa la Kilatini, lazima chini yao kuwe na bahari ya watoto. Wakapiga hesabu wakafika 2,000. Grama ilikuwa haina shida hiyo maana inachukua wanaobaki tu. Wapinzani wakaing'ang'ania hiyohiyo, magazeti yakasema ni kiwanda, mtoto atapotea, mwalimu mkuu hatajua majina. Na miaka ya baadaye wengi wakagundua watoto wanaobaki baada ya 15 ni wengi kuliko walivyodhani, kumbe shule ingeweza kuwa ndogo na bado ikawa na kidato cha juu kizuri. Ukubwa ule ulijengwa juu ya makadirio ya woga.

#16 mama_wawili_SE9

Mwalimu mkuu wa kwanza alikuwa mwanamke, Mary Green, alikaa tangu 1954 mpaka miaka ya 70 mwanzoni. Walimpa cheo cha heshima cha Dame. Watu wazima wa huku wanamtaja bila kusema jina la kwanza, "Miss Green", na wanakaa wima wakisema.

#17 Kichwa Ngumu

Haya yote mazuri ila hayajibu swali. Swali ni JINA. Nimeshajibu. Hela.

#18 Wakili wa Mchangani

Bwana Kichwa Ngumu hela inajibu 2011, haijibu kwanini jina lilikuwa jepesi kiasi cha kutupwa bila mtu kulia. Jina zito halitupwi. Mi nasema shule hii iliuawa mwezi Machi 1954, kabla haijafungua mlango.

Kaeni chini. Mpango wa LCC ulikuwa Kidbrooke imeze shule kadhaa ndogo PAMOJA na shule moja ya grama ya wasichana jirani, Eltham Hill. Bila grama kuingia ndani huna "watoto wote", unao wale waliobaki baada ya cream kutolewa. Sasa kufunga shule kulihitaji kibali cha waziri. Waziri wa elimu alikuwa Florence Horsbrugh, wa Conservative, mwanamke wa kwanza wa chama hicho kuingia baraza la mawaziri. Wazazi wa Eltham Hill wakapinga kwa nguvu, yeye akasema Kidbrooke fungueni, lakini Eltham Hill haifungwi. Ndo hivyo. Shule ya kwanza ya kuchanganya wote ikafunguliwa huku mita chache, kwa lugha ya Kiswahili pua na mdomo, kuna grama inaendelea kuchuja. Ni sawa na kufungua soko la samaki halafu changu na nguru wote wanauzwa ng'ambo ya barabara.

#19 Mzaramo Asiye na Haraka

Wewe wakili una njaa.

#20 Wakili wa Mchangani

Nimefunga leo Alhamisi, niachie.

#21 mama_wawili_SE9

@Wakili nakubali nusu. Eltham Hill bado ipo hadi leo na bado ni ya wasichana, ila miaka ya 70 nayo iliacha kuchuja. Sasa kama tatizo lilikuwa Eltham Hill, mbona ilipoisha kuwa grama tatizo halikuisha? Na siyo mita chache, ni mwendo wa basi.

#22 Wakili wa Mchangani

Kwa sababu jeraha la mwanzo halifutiki dada. Ukizaliwa njiti unaweza kukua ukawa na kilo 90 lakini bibi yako ataendelea kukufunika blanketi.

#23 Binti Kilindini

Huo mfano haujakaa sawa lakini nimecheka.

#24 kijana_wa_Thamesmead

wakubwa mi nimesoma huku sekondari, siyo hiyo lakini hapahapa Greenwich, jina la shule silisemi. mnavyoongea ni kama grama zimekwisha. HAZIJAISHA. England nzima zimebaki 163 na manispaa ya Bexley ambayo ni jirani kabisa ina 4. ukitoka Eltham unapanda basi uko Bexley. darasa letu la sita tulikuwa 30, Septemba tu walivyorudi likizo wenzangu 9 wakaenda kufanya mtihani wa Bexley, 5 wakapata. hao 5 ndo walikuwa wale wa kunyoosha mkono kwanza. sasa sisi tuliobaki ndo tukaenda kwenye hizo "shule za wote". mwalimu wa fizikia alikuwa anabadilika kila muhula, mwaka mmoja tulikuwa nao watatu. kwahiyo wakili yuko sahihi ila amekosea mwaka, siyo 1954, ni kila Septemba

#25 Nyani Mzee

"Siyo 1954, ni kila Septemba." Dogo umemaliza.

#26 mama_wawili_SE9

Hapo kijana ameniumiza maana mimi ni mmoja wa hao wazazi. Binti yangu nilimpeleka huo mtihani. Tuisheni mwaka na nusu, Jumamosi asubuhi paundi 35 kwa saa, mimi nafanya zamu za usiku nyumba ya wazee ili nilipe. Siku ya mtihani nilimvusha barabara na penseli 4 zimechongwa nikamkuta amechora moyo mdogo kwenye raba. Hakupita, alikosa alama chache. Akaenda shule ya kawaida ya karibu, sasa yuko mwaka wa pili uuguzi. Lakini mdogo wake alipofika darasa la tano akaniambia mama mimi usinipeleke. Sijampeleka. Kwahiyo msiseme wazazi wanakimbia kwa sababu wana dharau, kuna kukimbia kwa woga.

#27 Otis wa Kayole

Pole mum. Raba iko na moyo, hiyo imenishika.

#28 Kichwa Ngumu

Na tuisheni ni nini? HELA.

#29 Mod Kasuku

Kichwa Ngumu onyo la kwanza 😂

#30 Mjuba wa Sheria za Mipaka

Mmesahau kesi. Nimeshangaa ukurasa mzima hakuna aliyeitaja, wakati imebeba jina la manispaa hiyohiyo ya Greenwich. Mpaka 1990 shule zote za London ya ndani zilikuwa chini ya mamlaka moja, ILEA, iliyorithi LCC mwaka 1965. ILEA ilikuwa na mpango wa kugawa watoto makundi matatu ya uwezo, robo juu, nusu katikati, robo chini, kila shule ipate mchanganyiko kidogo, walau kwenye karatasi. Waziri mkuu Thatcher akaivunja. Kila manispaa ikachukua shule zake. Greenwich wakajiandaa kusema watoto wa kwetu kwanza, wa Lewisham baadaye. Sasa kuna shule ya msingi iko Blackheath upande wa Lewisham, John Ball, watoto wake walikuwa wamezoea kuvuka kwenda sekondari za Greenwich. Wazazi wakaenda mahakamani, mwisho wa 1989 mahakama ya rufaa ikasema halmashauri haiwezi kumbagua mtoto kwa sababu tu anatoka ng'ambo ya mpaka. Mpaka leo nchi nzima wanaiita hukumu ya Greenwich.

Sasa unganisheni. Mpaka ukishafunguka, mtoto wa Eltham anaruhusiwa kwenda grama ya Bexley na Bexley haiwezi kumfungia mlango kwa sababu tu ya mpaka. Dogo #24 anaona basi, mimi naona hukumu iliyoliwezesha basi.

#31 Wakili wa Mchangani

Nimevua kofia.

#32 Mwl. Mstaafu Tanga

Vizuri sana. Ila nikusahihishe kidogo kwa Thatcher maana watu humbebesha kila kitu. Alipokuwa waziri wa elimu 1970 hadi 1974 aliufuta ule waraka wa 10/65, uliotaka halmashauri ziache kuchuja watoto, lakini katika kipindi chake ndipo shule nyingi zaidi ziliidhinishwa kuwa komprihensivu kuliko chini ya waziri mwingine yeyote. Wimbi lilikuwa limeshaondoka, halmashauri zinaleta mipango mezani, nyingi zake za Conservative wenyewe, akawa anasaini tu. Na huo waraka wenyewe, wa waziri wa elimu Crosland 1965, una kituko: haukuamuru. Uliomba. Ndani ya wizara walibishana neno lipi waweke, "tunawataka" au "tunawaomba", wakachagua kuomba. Ndiyo maana Bexley na Kent wana grama mpaka leo na wengine wengi wamesahau. Neno moja.

#33 Mzaramo Asiye na Haraka

Kumbe hata wazungu waraka ukisema "mnaombwa" haufanyiwi kazi. Nimefarijika sana, siku 20 za kazi nimekuwa naomba stapler.

#34 Bi. Zainabu wa Leicester

Wapendwa nimesoma wote. Nyote mmeruka jambo ambalo kila mtu Uingereza analijua kuhusu shule hiyo. CHAKULA. 2005 yule mpishi wa televisheni Jamie Oliver aliingia jikoni pale Kidbrooke na kamera za Channel 4. Yule mama mkuu wa jikoni Nora Sands akawa maarufu kuliko mwalimu mkuu. Nchi nzima ikaona watoto wanavyolishwa, chipsi, vipande vya bata mzinga vilivyosokotwa kama kamba ya ngalawa, na bajeti ya viungo senti 37 kwa mtoto. Wananchi 271,677 wakasaini, waziri mkuu Blair akaahidi paundi milioni 280. Sasa wewe ukiwa unaendesha shule, jina lako kila likitajwa mtu anakumbuka chipsi, utalibakisha? Mimi ningelibadilisha siku ileile jioni.

#35 Kichwa Ngumu

Milioni 280 ni nini jamani.

#36 Mod Kasuku

Onyo la pili.

#37 mama_wawili_SE9

Bi. Zainabu hapana, hapo sikubali. Watu wa huku walijivunia kile kipindi. Na tatizo la chakula halikuwa la shule ile, lilikuwa la nchi nzima, wao ndo walikubali kufungua mlango. Ni kama mgonjwa aliyejitokeza kupima halafu mtaa mzima unasema yeye ndo kauleta ugonjwa.

#38 Otis wa Kayole

Wacha niulize. Watoto walikubali hiyo chakula mpya ama?

#39 Bi. Zainabu wa Leicester

Mwanzo walikataa wakaandamana uwanjani wanataka chipsi zao. Na 2006 kule Rotherham, shule nyingine kabisa, kina mama walikuwa wanapitisha baga kwenye uzio wakati wa chakula cha mchana, wamebeba oda kwenye karatasi.

#40 Mzaramo Asiye na Haraka

Sisi uzio wetu ulikuwa unapitisha mihogo ya kukaanga ya Mama Mwajuma na pilipili ya kwenye kopo la Blue Band. Hakuna mpishi wa TV angeweza kumshinda yule mama. Maharage ya shule ukiyamwaga ukutani yanarudi.

#41 Nyani Mzee

Kwetu wadudu wa maharage tuliambiwa ni protini. Na mwalimu wa zamu alikuwa anasema kwa uso mkavu kabisa.

#42 Binti Kilindini

Hatuna kiasi. Tumetoka Kidbrooke tumefika kwenye wadudu. Turudini.

#43 kijana_wa_Thamesmead

kuna sababu nyingine mnaisahau, ile mitaa ya Ferrier. zilikuwa flati za halmashauri kama 1,900 hapohapo Kidbrooke, zilijengwa mwisho wa miaka ya 60 kwenye eneo lililokuwa la jeshi la anga. zikabomolewa kuanzia 2009, sasa ni maghorofa ya Kidbrooke Village, kioo kitupu, flati moja bei yake mamako na babako wakichanga figo haitoshi. familia zilitawanywa, wengine Woolwich, wengine mbali. rafiki yangu alihama katikati ya mwaka wa 9. 2009 nyumba zinabomolewa, 2011 jina linabadilika. sisemi kitu, natazama tarehe tu

#44 Mjuba wa Sheria za Mipaka

Tarehe kufuatana siyo sababu mdogo wangu. Na Ferrier ilikuwa inapakana zaidi na Thomas Tallis, ile ya wavulana na wasichana iliyofunguliwa 1971, ndo walikoenda wengi.

#45 kijana_wa_Thamesmead

ndo maana nimesema natazama tarehe tu. we umesomea sheria mi nilikuwa kwenye hilo basi

#46 Wakili wa Mchangani

Hapo kwenye Tallis mmenifungua kitu. Tallis ni mtunzi wa muziki, amezikwa Greenwich. Corelli naye ni mtunzi wa muziki, Mtaliano. Kwahiyo 2011 walichofanya ni kuchukua jina la mtaa wa shule, mtaa wenyewe una jina la mwanamuziki, na jirani naye ni mwanamuziki. Ilikuwa inataka kukaa kwenye kwaya moja na jirani anayefanya vizuri. Jina la Kidbrooke ni la mahali, jina la mahali linabeba sifa za mahali, nzuri na mbaya. Ukiwa shule mbovu kidogo na mtaa unaotajwa vibaya magazetini unachukua jina la mtu aliyekufa miaka 300 iliyopita, huyo hawezi kukuaibisha.

#47 Nyani Mzee

Na Halley ni nani?

#48 Mwl. Mstaafu Tanga

Edmond Halley, mnajimu, kwa maana ya mwanasayansi wa nyota siyo wa kupiga ramli. Alikuwa wa pili kushika kile cheo cha mtazama nyota wa mfalme pale Greenwich, na amezikwa Lee, karibu na hapo. Ndiye aliyepiga hesabu kwamba ile nyota yenye mkia hurudi kila baada ya miaka 76 hivi.

#49 Mzaramo Asiye na Haraka

Kama kile kimondo chetu cha Mbozi kule Mbeya.

#50 Mjuba wa Sheria za Mipaka

Mbozi iko Songwe tangu 2016. Na kimondo kimeanguka, nyota ya mkia inapita tu. Viwili tofauti.

#51 Mzaramo Asiye na Haraka

Wewe kwenye mipaka huna mchezo.

#52 Otis wa Kayole

Hiyo nyota ilionekana last 1986, next ni 2061. Labda jina la Kidbrooke nalo lirudi hiyo 2061.

#53 Binti Kilindini

Mimi nina dhana yangu na haihusiani na zenu zote. Ile shule ilikuwa ya WASICHANA. Elfu mbili, mwalimu mkuu mwanamke, waziri aliyeikatalia mwanamke, wazazi waliopinga wa shule ya wasichana. Miaka ya 80 ikaingiza wavulana. Hapo ndipo nadhani uzi wa kumbukumbu ulikatika, siyo 2011. Mtu aliyesoma pale 1956 na aliyesoma 1996 hawana kitu wanachokumbuka pamoja isipokuwa lile kuba. Na wasichana wa wakati ule walikuwa wanaonewa hata kwenye mtihani wenyewe, sehemu nyingi alama ya kufaulu Eleven Plus ya msichana iliwekwa juu kuliko ya mvulana kwa sababu wasichana walikuwa wanafaulu kupita nafasi zilizokuwepo. Kwahiyo shule isiyochuja kwa msichana ilikuwa na uzito zaidi kuliko kwa mvulana. Hakuna hata mmoja wenu aliyeligusa hilo, posti 52.

#54 Wakili wa Mchangani

Nimejificha.

#55 Kichwa Ngumu

Hata mimi hapa sisemi hela.

#56 Mod Kasuku

Siamini macho yangu.

#57 Mwl. Mstaafu Tanga

Binti, ahsante. Hilo la alama nililisoma nikalisahau, na nimefundisha wasichana miaka 31.

#58 Dereva wa Vifurushi

Wakuu nimerudi, nilikuwa zamu. Leo nimepeleka mzigo kwa bibi mmoja huku Eltham, miaka 80 na kitu, nikamchokoza makusudi nikamuuliza kuhusu shule za zamani. Hakusoma Kidbrooke, alikulia mbali kaskazini, lakini akanisimamisha mlangoni dakika 20 na vifurushi vingine 41 vinanisubiri. Anasema mama yake aliwanunulia yeye na dada yake baiskeli kabla ya matokeo ya Eleven Plus, moja moja, mwaka tofauti. Dada alipita, baiskeli ikatoka. Yeye bahasha ilikuja nyembamba, baba akaisoma amesimama kwenye korido hajavua hata koti, akaikunja akaiweka mfukoni akatoka. Baiskeli yake ikabaki kwenye banda la makaa mpaka alipopata miaka 15 akaanza kazi kiwanda cha soksi ndo akaichukua ya kuendea kazini. Anakumbuka rangi. Kijani.

Nikamuuliza na zile shule za kuchanganya wote zilikuja kwenu? Akasema zilikuja, mimi nikiwa nimeshaolewa.

#59 mama_wawili_SE9

Bahasha nyembamba. Bado ni hivyohivyo, siku hizi inakuja barua pepe saa 10 jioni.

#60 kijana_wa_Thamesmead

@Dereva ulimaliza hivyo vifurushi 41?

#61 Dereva wa Vifurushi

38. Vitatu nimerudi navyo, kimoja ni cha hiyohiyo shule, kimeandikwa "Corelli College". Kesho nakipeleka, nitawauliza mapokezi kama wanakipokea.